Kabla hujalipia programu ya kuchorea bodi

Tanga,
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako niliipokea juzi kwa kondakta wa basi la asubuhi, pamoja na karatasi tatu ulizochora saketi ya mashine ya mama yako ya kutotolesha mayai. Nimezisoma zote, mpaka pembeni ulikoandika kwa penseli.

Umeniuliza ile pesa uliyojinyima kwenye bumu uilipie programu gani ya kuchorea bodi. Umeorodhesha sita, umeandika sifa za kila moja kama alivyokueleza mwenzako wa darasani, kisha ukaniomba nijibu kwa kifupi. Kwa kifupi: usilipie yoyote, tumia KiCad, na pesa hiyo nunua mita nzuri na pasi ya kulehemu inayorekebishika joto. Lakini najua jibu la namna hiyo litakufaa wiki moja tu. Wiki ya pili atakuja mtu akwambie kwamba watu wa kazi hawatumii vitu vya bure, nawe utaanza kuyumba. Ndiyo maana leo nimefunga karakana nikae nikueleze nilivyofikia hapo.

Chini ya meza yangu ya kazi kuna boksi la bodi za zamani, za kuanzia 2003 mpaka 2011. Siku ukija, zitoe uzipange mezani. Karibu zote zina kipimo kimoja, milimita 100 kwa 80. Kidhibiti cha pampu, chaja ya betri ya gari, taa ya dharura ya zahanati, zote sawasawa kama matofali ya kalibu moja. Umeme haukutaka hivyo. Toleo la bure la EAGLE enzi hizo liliruhusu bodi ya ukubwa huo tu, yaani nusu ya kile kipimo cha Ulaya cha milimita 160 kwa 100, matabaka mawili ya shaba na ukurasa mmoja wa mchoro. Chaja ilihitaji nafasi ya bati la kupoozea transista, mimi nikaibana mpaka bati likakaribia kugusa kapasita. Taa ingeweza kukaa kwenye bodi ya ukubwa wa kiberiti, lakini nilishazoea kile kipimo nikaacha nusu nzima ya shaba haina kazi. Kwa miaka minane leseni ndiyo iliyokuwa ikipima bodi zangu, na sikuiona mpaka nilipozitoa zote siku moja kusafisha boksi.

Tangu siku hiyo, mtu akinitajia programu nauliza kwanza imeweka uzio wapi. Kila moja ya hizi za daraja la kati ina uzio wake, na wewe unajenga ndani yake.

EAGLE uliyoiandika ya kwanza kwenye orodha yako, kwa mfano, usiianze kabisa. Naiandikia kwa heshima, maana ndiyo iliyonifundisha. Ilianzia Ujerumani mwaka 1988 kwa kampuni ndogo iitwayo CadSoft, na kwa miaka mingi ilikuwa mkombozi wa mafundi, walimu na wanafunzi duniani kote, kwa sababu toleo lake dogo lilikuwa la bure na lilifanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux bila ubaguzi. Mwaka 2009 CadSoft ikanunuliwa na Farnell, wale wauza vifaa vya elektroniki wa Uingereza. Mwaka 2016 Autodesk ya Marekani ikainunua kutoka kwa Farnell, na Januari 2017 ikaondoa utaratibu wa kununua leseni mara moja ukaimiliki. Ikawa ni kulipa kwa mwezi au kwa mwaka. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba EAGLE kama EAGLE itafikia mwisho tarehe 7 Juni 2026. Ni Juni hii inayokuja, mwanangu, na wewe ulitaka kuianza leo.

Kazi yake haikutupwa. Imehamishiwa ndani ya programu yao kubwa ya Fusion, inayochora pia maboksi na vyuma, na Fusion inafungua mafaili ya EAGLE. Mtu anayetaka bodi na kasha lake vikae pamoja kwenye kioo kimoja ataipenda. Ila Fusion haiendi kwenye Linux, inakutaka uingie kwa akaunti yako kwenye intaneti, na toleo lake la bure lina uzio uleule wa ukoo: kurasa mbili za mchoro, matabaka mawili, sentimita za mraba 80. Ukizidisha 100 kwa 80 za milimita unapata hizohizo 80. Uzio umenifuata miaka ishirini.

Nikueleze nilivyotoka, maana hapo ndipo nilipojifunza kuliko mahali pengine. Nilikuwa na bodi 47 za EAGLE, na wateja bado wananiletea baadhi yake nizirudie. Zile za mwanzo nilizichora kwenye toleo la 4, ambalo mafaili yake ni lugha ya mashine tupu. Ukiyafungua kwa programu ya maandishi unaona takataka. EAGLE ilipofika toleo la 6, waliamua kuhifadhi kila kitu kwa maandishi ya XML ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua na kuyasoma, jina la kila rezista na mahali ilipokaa. Uamuzi ule mmoja ndio ulioniokoa. Kwa kuwa mafaili yalisomeka, watu wa KiCad waliweza kuandika kisoma-EAGLE, na KiCad 5 ya mwaka 2018 ikaweza kuingiza mradi mzima, mchoro na bodi. Mafaili ya kabla ya toleo la 6 hayasomeki na KiCad mpaka uyafungue kwanza kwenye EAGLE mpya zaidi na kuyahifadhi upya. Basi nilikaa jioni baada ya jioni, karibu wiki tatu, nafungua moja moja, nahifadhi, napeleka KiCad, najaza upya maeneo ya shaba ya graundi, nakagua, nafunga. Maandishi ya majina ya vifaa yalihama huku na huku, mengine yakalala juu ya padi. Lakini njia za shaba zilifika zote. Bodi ya pampu niliyoichora mwaka 2004 ikafunguka mbele yangu, na ikawa yangu tena.

Ndiyo maana sasa, kabla ya kuuliza programu ina vitufe gani, naomba nione faili lake. Ukilifungua faili la bodi ya KiCad kwa programu ya kawaida ya maandishi, utaona mistari yenye mabano, na ndani yake kila padi na vipimo vyake kwa milimita, kila njia inakoanzia na inakoishia. Hata KiCad ikipotea kesho, mtu mwenye subira anaweza kulisoma faili hilo na kuirudisha bodi. Ukitaka kuona ulichobadilisha kati ya Jumatatu na Ijumaa, unayalinganisha mafaili mawili kama barua mbili.

KiCad ilianzishwa mwaka 1992 na mwalimu Mfaransa, Jean-Pierre Charras, kwenye chuo cha ufundi cha Grenoble. Kwa miaka mingi ilikuwa programu ya kuvumilia. Niliijaribu zamani nikaiacha kwa hasira. Kilichoibadilisha ni CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva. Wao walikuwa wakitengeneza bodi za mitambo yao na kutaka kuzitoa wazi, kila mtu azione na azitumie. Lakini faida gani kutoa mchoro wazi kama kuufungua kunahitaji leseni ya maelfu ya dola? Wakaamua kuiinua KiCad yenyewe. Wahandisi wao waliandika sehemu ya kupitisha njia ambayo inasukuma njia nyingine zikupishe: unavuta njia yako katikati ya msongamano, zilizokuwepo zinajisogeza pembeni bila kukatika wala kugusana. Siku ya kwanza kuiona nilikaa nusu saa navuta njia moja, narudisha, navuta tena. Kwenye EAGLE yangu ya zamani ningefuta njia tano ili nipitishe moja. Tangu toleo la 6 la Desemba 2021 ni programu ya kazi kamili, na hii ya 9 ya mwaka huu ndiyo niliyokuwekea kwenye flashi.

Haina uzio wa ukubwa wala wa miguu, na matabaka ya shaba unaweza kufika 32, ambayo mimi na wewe hatutayafikia maisha yetu. Haidai intaneti ukishaiweka. Hilo kwako ni kubwa, maana najua bando lako linaishia wapi. Faili la kuisakinisha kwenye Windows lenyewe linapita gigabaiti 1, ndiyo sababu ya flashi.

Sasa ubaya wake, ili usije ukasema mjomba alikuficha. Kwanza, alama ya kifaa kwenye mchoro na futiprinti yake, yaani nyayo za miguu yake kwenye bodi, vimekaa maktaba mbili tofauti, na kuviunganisha ni juu yako. Anayeanza huona ni kazi ya bure. Baadaye utaona faida yake, rezista ni rezista na ukubwa wake unauchagua mwenyewe, lakini mwezi wa kwanza utanikumbuka kwa ubaya. Pili, kila mwaka karibu Februari linatoka toleo jipya, na ukihifadhi faili kwenye jipya, la zamani halilifungui tena. Kama mnafanya kazi watatu, wote muwe na toleo moja. Kubalianeni kabla, siyo usiku wa kuamkia kukabidhi. Tatu, haipitishi njia yenyewe. Wanaotaka hivyo hutumia programu ya pembeni. Kwa bodi yako hilo wala lisikushughulishe. Nataka upitishe kila njia kwa mkono wako.

DipTrace ndiyo ningekupa kama KiCad isingekuwepo. Imetengenezwa na Novarm, kampuni yenye asili ya Ukraine, na katika hizi zote ndiyo iliyo nyepesi kuzoea. Fundi wangu mmoja aliijua kwa siku mbili, na vitufe vyake viko pale mkono unapovitafuta. Unanunua mara moja, haikudai kila mwaka. Uzio wake ni miguu. Toleo la bure na la chini kabisa yanaishia miguu 300 na matabaka mawili, la kati 1,000 na matabaka manne, na kuendelea hivyo hadi lile lisilo na mpaka. Nimehesabu mchoro wako: miguu 212. Unapita. Ila pembeni umeandika kwa penseli kwamba baadaye unataka mashine imtumie mama ujumbe joto likishuka, na saa yake ya betri, na mlango wa pili wa vipima joto. Hapo utaikaribia 300, na nakuhakikishia utaanza kufanya nilivyofanya mimi na milimita zangu: utaacha kapasita mbili za 100nF ulizotakiwa kuziweka karibu na aisii, kwa sababu kila moja inakula miguu miwili. Bodi itawaka, halafu usiku mmoja rilei ikizima itajianzisha upya, na hutajua kwa nini.

EasyEDA ni ya Shenzhen, na ni ndugu wa kiwanda cha bodi na duka la vifaa vya hukohuko. Njia yake ya kawaida ni kwenye kivinjari. Unachagua kifaa kutoka dukani, kinakuja na alama na nyayo zake, ukimaliza unabonyeza na oda inaenda. Kwa bodi ya kwanza ya maisha ya mtu ni raha, sitabisha, na nimeitumia kutafutia nyayo za vifaa ambavyo sikuviona pengine. Nyayo nyingi humo zimechorwa na watumiaji tu, kwa hiyo pima kabla ya kuamini. Uzio wake ni kwamba kazi yako inazoea kulala nyumbani kwao, na mkono wako unazoea duka moja.

Proteus usiiache. Mnayo chuoni, na kwa kazi moja hakuna inayoifikia kwenye orodha yako: unaandika programu ya maikrokontrola, unaipakia ndani ya mchoro, na mchoro unafanya kazi kwenye kioo, taa zinawaka na namba zinatokea. Labcenter ya Uingereza wameijenga tangu 1988 na hiyo ndiyo fahari yao. Jaribu mantiki ya mashine ya mama yako humo kabla hujagusa shaba: joto likifika digrii 37.5 hita izime, mota igeuze mayai kila baada ya saa kadhaa, siku ya 18 igome kugeuza, siku ya 21 ilie. KiCad ina majaribio ya saketi, lakini haitaiendesha programu yako namna hiyo. Bodi yenyewe chora KiCad.

Kuhusu Altium, mwenzako hakukudanganya. Ni programu bora. Ilianza kwa jina la Protel huko Tasmania, Australia, mwaka 1985, mikononi mwa Nick Martin, ikachukua jina la Altium mwaka 2001, na mwaka jana kampuni nzima ikanunuliwa na Renesas ya Japani. Ukiajiriwa mahali wanapochora bodi za matabaka kumi na mbili zenye kumbukumbu za kasi, ambako njia zinapimwa urefu zilingane hadi sehemu ya milimita, utaikuta hiyo au OrCAD, na utashukuru. Bei yake ni ya makampuni, maelfu ya dola, na inataka Windows na kompyuta yenye nguvu. Ile laptopu uliyorithi kwa kaka yako itapumua kwa shida. Wana leseni za bure za wanafunzi. Uliza chuoni, ukiipata jifunze, uiandike kwenye wasifu wako. Lakini kazi ya mama yako usiifungie humo, maana siku ukiacha kuwa mwanafunzi leseni nayo inaacha kuwa yako.

Umeona jinsi zilivyouzwa moja baada ya nyingine: CadSoft kwa Farnell, kisha kwa Autodesk, Altium kwa Renesas, OrCAD nayo ilikwenda Cadence mwaka 1999. Simlaumu aliyeuza wala aliyenunua. Ila nyumba ya kupanga ikiuzwa na wewe umo ndani, mwenye nyumba mpya ana haki ya kupandisha kodi, na wewe una vyombo vyote chumbani.

Kuna jambo uliloandika kwa haraka, kwamba kuna mtu atakuwekea programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, kwa elfu kumi. Mwanangu, usikubali. Nilikubali mwaka 2009, programu ambayo sitaitaja. Ilifanya kazi miezi minne. Kisha kompyuta ikaanza kuzima yenyewe, mafaili yakageuka majina ya ajabu, na kazi ya mteja mmoja wa Korogwe, bodi ambayo alishanilipa nusu, ikapotea yote. Nilimrudishia pesa yake na nikamwomba radhi barazani kwake. Zaidi ya virusi, ni kwamba huwezi kumpelekea mteja faili na kumwambia limetoka wapi. Ukiwa na KiCad unaweza kuandika jina lako chini ya mchoro bila kuangalia nyuma.

Sasa nikwambie lile ambalo hakuna programu itakusaidia, hata ya bei gani. Mwaka 2016 nilichora kidhibiti kidogo chenye AMS1117, ile aisii ya kushusha volti 5 hadi 3.3, yenye miguu mitatu upande mmoja na bawa pana upande wa pili. Nilizoea 7805, ambayo bawa lake la chuma ni graundi. Mkono ukaenda kwa mazoea: nikatengeneza nyayo zake mwenyewe, bawa nikaliunganisha na graundi, nikalimwagia shaba pana lipoe vizuri. Nikaendesha ukaguzi wa kanuni, programu ikasema hakuna kosa hata moja. Nikaagiza bodi 10. Ya kwanza nikailehemu, nikawasha, nikagusa ile aisii na kidole kikarudi chenyewe. Kwenye AMS1117 bawa ni njia ya kutolea umeme, siyo graundi. Nilikuwa nimeifunga njia ya kutokea moja kwa moja na ardhi. Kila bodi kati ya zile 10 ilibidi niikate shaba kwa wembe kulizunguka bawa, kisha niunge waya juu. Ukaguzi wa kanuni unajua umbali wa njia na njia, haujui kilichoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji wa kifaa. Nilikuwa nimeudanganya tangu mwanzo, nao ukanithibitishia uongo wangu.

Tangu hapo, kila bodi kabla haijaondoka naichapa kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wake halisi, naweka kila kifaa juu ya nyayo zake, naipitisha miguu kwenye karatasi kwa sindano kama ni ya matundu, na karatasi ya mtengenezaji iko wazi pembeni. Programu zote nilizokutajia zinachapa hivyo. Stationery ya jirani na chuo chenu watakuchapia kwa bei ya karatasi, ila waambie wasipunguze ukubwa. Kisha pima kwa rula: miguu ya soketi ya aisii inatakiwa iachane milimita 2.54, kumi zikifuatana ni sentimita 2 na milimita 3 hivi kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

Tuje kwenye bodi yako. Mchoro umeufanya vizuri, kwa kweli nilifurahi. Ninachokiogopa ni upande wa kulia, ambako umeme wa nyumbani wa volti 230 unaingia kwenye rilei ya hita. Umechora njia zake kwa upana uleule wa njia za kipima joto na umeziacha zikatishe katikati. Hita ya wati 200 haifiki ampea 1, kwa hiyo shaba haitaungua, lakini nataka zipanuliwe mpaka milimita 3 na zikae zote ukingoni, peke yao. Tatizo langu ni umbali. Mama yako atamwagia maji ya unyevu karibu na kasha lile kila siku, kuku ni vumbi na manyoya, na wadogo zako wanapenda kugusa. Kati ya chochote chenye volti 230 na chochote kinachogusana na vitufe au kipima joto acha milimita 6 au zaidi. Kwenye KiCad unaweza kuandika kanuni yako kwa maneno: zitenge njia za umeme mkubwa kwenye kundi lao, kisha amuru kwamba baina ya kundi hilo na kila lisilo kundi hilo pawe na umbali huo. Ukiandika umbali kwa kundi zima bila sharti hilo, itakulalamikia hata baina ya waya mbili za hita.

Hata ukiandika sawa, italalamika kwenye ile rilei ya buluu uliyoichagua, maana mguu wake wa umeme mkubwa umesimama karibu mno na miguu ya koili. Usilizime onyo hilo. Liko sahihi. Ama kata mwanya kwenye bodi katikati yao, ama uje nikupe rilei nyingine ambayo miguu ya umeme mkubwa iko mwisho wa upande wa pili. Mimi ningebadilisha rilei.

Na moduli ya ESP32, ile ya mtandao, igeuze. Ile sehemu ya antena, yenye mchoro wa nyoka wa shaba, itokeze kwenye ukingo wa bodi na chini yake usiache shaba wala njia yoyote, tabaka la juu wala la chini. Umeimwagia graundi chini yake yote. Itasikia mtandao wa chumba kimoja tu.

Ukimaliza, usinitumie picha ya kioo. Nitumie folda yote ya mradi na mafaili ya Gerber. Gerber ndiyo lugha ambayo kila kiwanda cha bodi kinaisoma, iwe umechora kwa Altium au KiCad. Faili moja kwa kila tabaka, na la matundu pembeni. Yafungue kwanza wewe mwenyewe kwenye kioneshi cha Gerber kilichomo KiCad, tabaka moja moja, ujione kama macho ya kiwanda. Viwanda vya Shenzhen kwa kawaida huanzia bodi 5. Moja ya mama, moja ya akiba, moja utaiunguza, usihuzunike; mbili nitakuwekea kwenye boksi langu. Nina oda ya wateja inayotoka mwisho wa mwezi, nitaiunganisha na yako ili usafiri tugawane.

Flashi nimempa huyuhuyu kondakta, imefungwa kwenye bahasha ya kaki yenye jina lako, pamoja na AMS1117 tano na rilei mbili za kupimia nyayo. Mama yako nimemwambia asinunue mayai ya kutotolesha kabla ya Januari. Amekubali, ila anauliza kila siku.

Mjomba wako